Ugonjwa Uliochapwa Mapema

Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Aliyeitunga methali hiyo, nadhani, alikuwa na neno la kumsema jirani yake na hakuwa na ushahidi. Mimi naichukia kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, tangu mgomo wetu wa wachapaji ulipovunjwa na habari kwamba nimeonekana nikishuka kwenye gari la mwenye kiwanda. Sikushuka kwenye gari la mtu. Lakini nilinyamaza. Nilijiambia njia ya mwongo ni fupi. Njia ya mwongo ikawa ndefu, ikatiwa na lami, wenzangu wakarudi kazini mmoja mmoja wakinipita langoni bila salamu.

Kwa hiyo walipoanza kumsema mpwa wangu, sikungoja.

Mpwa wangu ni msusi. Ana saluni ya viti vitatu, kimoja kimevunjika mgongo. Nimemlea tangu dada yangu alipofariki. Jioni na siku za mapumziko alikuwa akiitikia nyuma ya mwimbaji Zumari, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurudia anachosema mwenzake, watu wakamwita Mwangwi. Zumari huna haja ya kuelezwa. Hata kama hupendi muziki umeiona sura yake kwenye sabuni, kwenye maji ya chupa, kwenye ukuta wa benki. Mwangwi alimwitikia miaka minane, na katika miaka hiyo minane hakuna bango hata moja lililowahi kuandika jina lake. Najua, kwa sababu mabango nachapa mimi.

Mwaka huu Zumari akatangaza ziara ya miji tisa. Siku ya onyesho la kwanza ungetoka pia wimbo mpya peke yake, wenyewe wanauita singo. Mwangwi akawaaga wateja, akatafuta wa kumshikia saluni, akanunua viatu vya kusimamia saa tatu bila kuvimba miguu. Zikiwa zimebaki wiki mbili, kampuni ya Zumari ikatoa taarifa: ziara imeahirishwa kwa sababu za kiafya. Koo la Zumari limeharibika. Singo imesimama.

Wangeishia hapo ningesema pole, tukaendelea na maisha. Lakini msemaji wa kampuni, kijana mwembamba mwenye miwani ya jua anayoivalia kwenye paji la uso kana kwamba jua linamjia kutoka mbinguni peke yake, alikwenda redioni akasema, "Kuna kitu alikunywa. Hatutaki kumtaja mtu. Alipewa na mtu wa karibu."

Hatutaki kumtaja mtu. Hakuna kidole kinachonyooka kama hicho. Kila anayempenda Zumari anaijua ile chupa ya chai ya buluu, yenye maji ya moto na ndimu, na anaujua mkono unaompa kati ya wimbo na wimbo. Kabla jua halijazama, video ya mkono wa Mwangwi ilikuwa imezungushiwa duara jekundu na kutazamwa na watu wengi kuliko waliowahi kuzisikiliza nyimbo zenyewe.

Basi midomo ikafunguka. Mara ni sumu. Mara si sumu, ni dawa ya kuhamisha sauti kutoka koo moja kwenda jingine. Mara koo ni zima, ana mimba, mwenye mimba ni mtu mkubwa. Mara singo imeibwa na kuuzwa ng'ambo. Mara nyimbo zote tangu zamani alikuwa akiziimba Mwangwi, Zumari akifumbua mdomo tu, na sasa mwenye sauti amekuja kuchukua chake. Uvumi huu wa mwisho nusura niupende.

Saluni ikapoa. Mteja mmoja alikuja na kitana chake na maji yake ya kunywa, akaketi kama anayenyolewa na adui. Mwingine aliletewa ile video kwenye simu akiwa kitini, akainuka, akaondoka na kichwa nusu. Aliona heri kukatiza mjini upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama ufagio kuliko kumaliziwa na mikono ile. Asubuhi moja tukakuta mlango umeandikwa kwa mkaa: MCHAWI. Nilifuta. Kesho yake wakaandika kwa rangi ya mafuta. Na binti wa Mwangwi, wa miaka saba, akarudi kutoka shuleni akauliza, "Mama, kwa nini wenzangu hawaruhusiwi kuonja maji yangu?"

"Mjomba," Mwangwi aliniambia jioni ile, "mimi si nachemsha maji tu? Hata ndimu anakata mwenyewe. Anasema mimi na kisu hatuaminiki, nitajikata nimcheleweshe."

Alikuja kula kwangu. Nyumbani kwa mchapaji hakununuliwi kitambaa cha meza. Mashine ikianza kazi, karatasi za kwanza mia mbili hivi ni za kutafutia rangi, hazina mnunuzi, basi tunazibeba. Tunatandika mezani, tunafunika madaftari ya watoto, tunapanga vyombo juu yake. Nilikuwa nainua kikombe nifute chai iliyomwagika, nikaona nafuta paji la uso la Zumari. Bango la ziara, miji tisa, yote chini ya sahani zetu. Nikaendelea kufuta hadi pembeni, na pembeni palikuwa na tepe nne za njano, na kila tepe imeandikwa: IMEAHIRISHWA KWA SABABU ZA KIAFYA.

Nilikaa chini.

Nieleze kazi yetu kidogo, maana hapa ndipo penye kisa. Karatasi inayoingia mashineni ni kubwa kuliko bango. Inabaki kingo. Kingo ni karatasi nzuri, huwezi kuitupa, kwa hiyo tunaipangia vikazi vidogo vya mteja huyo huyo: kadi, tiketi, nembo. Vyote vinachapwa kwa pigo moja, kisha mkataji anavitenganisha. Tepe ile ilikuwa ni ya kubandikwa kwa mshazari juu ya bango onyesho likifa. Na ilikuwa imechapwa kwenye karatasi moja na bango, wino mmoja, dakika moja. Tulichapa kazi ile wiki sita kabla ya mtu yeyote kusikia habari ya koo.

Utaniuliza: wewe mwenyewe uliyepanga, hukuona?

Sikuona. Hilo ndilo linaloniuma, na nitalisema kabla hujanisemea. Mchapaji hasomi maneno, anasoma herufi. Natazama kama A imelala, kama tundu la B limejaa wino, kama njano imepanda juu ya nyeusi. Nimechapa tanzia bila kujua nani kafa. Nimechapa hotuba za watu ninaowatemea mate, bila kukosea nukta. Na mimi ndiye ninayejisifu kwamba shule niliiacha darasa la sita nikasoma kila kilichopita mikononi mwangu. Nilizipanga tepe zile nne kwa mkono wangu, nikazinyoosha vizuri, nikafurahi kwamba kingo haikupotea.

Mwangwi alisoma polepole, kidole kikifuata.

"Kwa hiyo Zumari aliugua lini?"

"Aliugua siku waliyokuja kwa mchapaji."

Alicheka. Wiki nzima nilikuwa sijasikia kicheko chake. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, unadhani yeye mwenyewe alijua?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimeshaangalia tena lile bango. Miji tisa, tarehe tisa, na mahali pa ukumbi, kote kote, "utatangazwa". Hapakuwa na ziara. Hakuna ukumbi uliokodiwa. Singo iliyopita ilikuwa imeanguka, watu hawakuitaka, na kampuni iliona kwamba nyota asiyeimba lakini anasemwa ana faida kuliko nyota anayeimba na hasemwi.

Yuko mtangazaji mmoja ambaye kila Jumatano hufanya kipindi cha kufumua uvumi. Nilimpelekea karatasi nimeikunja kwenye mfuko wa unga. Chumba chao kina zulia ukutani badala ya chini. Aliikunjua mezani, akaitazama, akawaita wenzake.

"Mzee, hii kali," akasema. "Hii kali sana. Uko tayari kusema hewani?"

"Nilikuwa tayari kabla hujazaliwa."

Nikasema. Nilieleza karatasi, kingo, pigo moja. Nikachambua uvumi mmoja baada ya mwingine kama mtu achambuaye mchele: sumu, hakuna, mimba, sijui na haituhusu, dawa ya sauti, ingekuwepo mngekuwa mnaimba nyote, ziara, haikuwepo ya kuahirishwa. Mtangazaji akasoma tarehe ya kuchapwa niliyompa. Simu zikaingia. Mwanamke mmoja alilia, akasema anaomba radhi kwa jinsi alivyomfikiria yule dada wa watu. Nilirudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa mrefu.

Urefu ule ulidumu hadi saa tatu asubuhi. Msemaji wa kampuni aliingia redio nyingine, akicheka.

"Huyo mzee kazi yake nini?" aliuliza. "Mchapaji. Mkimpa saa moja atawachapia cheti cha ndoa yenu na malkia yeyote mnayemtaka. Na mtuhumiwa ni nani wake? Mpwa. Haya, jamani, nani hajui mjomba ni nani?"

Watu wakacheka. Ingekuwa si mimi, ningecheka pia, maana neno lile lilikuwa limepigwa vizuri. Karatasi yangu ilikuwa ukweli mtupu, lakini aliyeishika ndiye mtu pekee mjini aliyeweza kuighushi. Adhuhuri tayari uvumi ulikuwa umepata mguu mwingine: familia nzima ni matapeli, mmoja analisha sumu, mmoja anachapa ushahidi.

Nilihitaji fomu ya oda, ile iliyotiwa saini na kampuni siku waliyoleta kazi. Nikaenda kwa mwenye kiwanda. Si yule wa mgomo, ni mwanawe, lakini kiti ni kile kile.

"Faili hilo lililowa," akasema.

"Paa halivuji, bosi."

"Lililowa tu. Na wewe umechoka, mzee. Chukua likizo, tutakuita."

Nikateremka kwa mkataji. Tunamwita Mkasi. Amesimama kwenye mashine ya kukatia tangu tulipokuwa vijana, tumekula pamoja kwenye mabenchi yale yale. Yeye ndiye aliyezitenganisha tepe na mabango. Neno lake lingenitosha, kwa sababu hakuwa ndugu wa mtu.

"Zile tepe za njano ulizikata wewe," nikamwambia.

"Mimi nakata penye alama."

"Siku ile ile ya mabango."

"Nakata penye alama, bwana wee. Ukijichora alama shingoni ukainama hapa, nitakata."

"Basi njoo useme hivyo hivyo redioni. Siku ile, karatasi ile. Usinisifu, usimtetee mtu. Taja siku tu."

Aliteremsha kisu cha mashine, akakifunga, akafuta mikono. Alichukua muda kwenye kila kidole.

"Unakumbuka mwaka wa mgomo?"

"Sina ugonjwa wa kusahau."

"Aliyesema amekuona kwenye gari ni mimi."

Nina orodha kichwani. Miaka kumi na tisa nimeibeba: nani alisimama wapi langoni, nani alitazama chini, nani aliingia wa kwanza. Majina sita nimeyapa hukumu. La Mkasi halikuwemo.

"Waliniambia niseme," akaendelea, "nikasema. Nilikuwa mfagiaji, wakanipa mashine hii. Uongo mmoja ulinitoa kwenye ufagio. Sasa niambie, ndugu yangu, ukweli wako utanipandisha wapi?"

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na nguvu hizo bado. Lakini alikuwa ameuliza swali, na mimi mtu wa hotuba, mtu wa kusimama juu ya kreti, sikuwa na jibu hata moja ambalo lingemlisha kesho. Nikamwambia, "Utakufa na hicho kisu." Akasema, "Inshallah, pensheni ikifika." Nikatoka.

Siku nne baadaye msemaji alikuja saluni, mchana kweupe, kwa mguu wake. Nilikuwepo. Sikuwa na kazi ya kwenda, nilikuwa nagonga misumari kile kiti kilichovunjika. Alivua miwani.

"Shikamoo, mzee."

Mdomo ukajibu marahaba kabla sijauzuia. Ndivyo tulivyofundishwa, hata mwizi akikuamkia unaitika.

Aliketi, akamtazama Mwangwi kwenye kioo badala ya usoni. Akasema singo haikusimama, ilishakuwa tayari tangu zamani. Inaitwa "Nimekusamehe". Zumari anamwimbia rafiki aliyemdhuru. Wanataka Mwangwi awe kwenye video. Ataingia na chupa ya buluu, Zumari ataipokea, atakunywa mbele ya watu wote, watakumbatiana. Halafu ziara itatangazwa upya, safari hii na kumbi zake, na Mwangwi atasimama mbele, si nyuma.

"Kwa hiyo nikiri," Mwangwi akasema.

"Hapana, dada. Nani kasema ukiri? Hatutaki useme ulifanya. Tunataka tu usiseme hukufanya."

Nikaweka nyundo chini. Nikamwambia kijana yule mambo ambayo hayachapiki, na mengine yanayochapika: kwamba amejenga gereza akaja kuuza ufunguo, kwamba wanamchukulia mtu jina lake kisha wanamrudishia kama zawadi, kwamba mtoto wa miaka saba amenyimwa rafiki ili wimbo upate kusikilizwa. Alinisikiliza kwa adabu. Adabu yake ilikuwa imefundishwa, kama ya wahudumu wa hoteli.

Mwangwi alinyoosha mkono kunizuia.

"Zumari mwenyewe kasemaje?"

"Anakusalimia sana."

"Anakusalimia sana," akarudia. Miaka minane ya kuitikia, na mdomo wake ukafanya kazi yake mwenyewe. "Mwambie salamu zimenifikia. Utanipa siku moja."

Msemaji alipoondoka nilianza tena. Nikamwambia tuna karatasi. Nikamwambia tutampata mkataji mwingine, mtangazaji mwingine, mwanasheria. Nikamwambia nitasimama sokoni nimeivaa kifuani, mbele na nyuma. Alikuwa akizitoa nywele kwenye kitana, moja moja.

"Mjomba, wewe ulisimama na ukweli miaka kumi na tisa."

"Bado nimesimama."

"Ulisimama na nani?"

Nikaokota nyundo.

"Sikutukani, mjomba. Nakuuliza. Mimi sina makosa, nalijua, wewe unalijua, na Zumari analijua. Tuko watatu. Mtu asiye na kosa hana wa kumsamehe, ataishi hivi hivi anaogopwa mpaka azeeke. Mwenye kosa akisamehewa yamekwisha, watu wanarudi, mtoto anacheza. Nimelipima usiku na mchana. Niambie penye kosa."

Kosa lilikuwepo, kubwa kama nyumba. Nilimwambia kwamba wakishaona hili limefaa, watamfanyia mwingine. Nilimwambia kwamba kesho binti yake atakua, ataitazama video ile, atamwona mama yake amebeba chupa na kuinamisha kichwa. Alisema, "Nitamweleza." Nikasema, "Mimi nilieleza taifa zima." Akasema, "Yeye ni mmoja tu, atanisikia."

Video imetoka. Siwezi kukuambia ni nzuri au mbaya. Niliitazama mara moja bila sauti. Mwangwi ameinamisha kichwa kidogo tu, unaweza kusema anatazama asijikwae. Zumari anakunywa, machozi yanamtoka, koo lake laini halina hata mkwaruzo. Singo imeshika nafasi ya kwanza wiki ya tano hii. Ziara ni ya miji kumi na miwili. Mabango yamechapwa kwingine. Mimi likizo yangu haijaisha na hakuna aliyenipigia.

Juzi nilipita saluni. Viti vyote vitatu vilikuwa na watu, na benchi la kusubiria limejaa hadi mlangoni, wengine wamekuja kutoka mbali ili wasukwe na aliyesamehewa. Wanapiga picha naye. Mlango umepakwa rangi mpya, ya samawati, ni mzuri. Binti yake alikuwa nje akiruka kamba na wenzake wanne. Niliwahesabu mara mbili.

Kwenye kiti cha katikati alikuwepo mama mmoja mnene wa furaha, kichwa kimeinamishwa, akiongea na magoti yake.

"Mimi nilimsamehe hata kabla ya Zumari," alikuwa akisema. "Nilisema jamani, binadamu ni binadamu, wivu unampata yeyote. Yaliyopita si ndwele. Muhimu alijutia. Si ndiyo, mjomba? Umelea vizuri, wengine hawajui hata kuomba radhi."

Benchi zima likaitikia kweli, kweli. Lilinigeukia, linangoja. Maneno yalikuwa yamenijaa hadi kwenye meno, tarehe, kingo, tepe nne za njano, pigo moja. Sijawahi kunyamazishwa na polisi, wala na mwenye kiwanda, wala baba yake.

Mwangwi alinitazama kupitia kioo. Hakukunja uso, hakuniomba. Alikuwa amegawa nywele za yule mama mafungu matatu, na fungu moja lilikuwa linateleza.

"Shika hapa, mjomba," akasema.

Nikashika.